Kompyuta ya nyumbani inazimika kabla haijamaliza kuwaka, fundi kasema mazabodi (bodi kuu ya ndani) imekufa. Naombeni msaada (Kigoma)

#1 Mwalimu wa Zamu – Ijumaa, saa 2:40 usiku

Wakuu habari za jioni. Naandika kwa simu kwa sababu kompyuta ndiyo mgonjwa mwenyewe.

Ni ya mezani, ya kuunganishwa kwa vipande, prosesa (ule ubongo wake) i5 kizazi cha tatu, ramu GB 8, Windows 10. Nimekaa nayo miaka mitano hapa Gungu bila shida ya maana. Tangu Jumatatu nikibonyeza kuwasha, feni inazunguka, maandishi ya mwanzo yanakuja, alama ya Windows inatokea na vile vidoti vinaanza kuzunguka, halafu pa! Giza. Haiandiki kosa, haiagi. Inakata kama umeme umekatika, na taa ya chumbani inawaka kama kawaida.

Nikiwasha tena, wakati mwingine inaniambia inaandaa matengenezo, nayo haifiki popote, inazima tena.

Niliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Kaiwasha mara mbili, ikazima mara mbili, akasema mazabodi imekufa, ninunue nyingine au nimwachie hiyo awe anatoa spea. Nikaibeba nikarudi nayo. Ndani kuna alama za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, mikondo miwili, sijazitoa, na mkuu wa shule anazitaka Jumatano. Kuhusu kutoweka nakala msinicheke, nimeshajicheka mwenyewe.

#2 Mgebuka Mkavu – Ijumaa, saa 2:52 usiku

Hiyo ni virusi mwalimu. Piga Windows mpya. Hata hivyo 10 imeshaachwa tangu Oktoba 2025, weka 11 uishi kwa amani.

#3 Waya wa Kijani – Ijumaa, saa 3:05 usiku

Mgebuka, usimpoteze mwalimu. Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, yake ni ya tatu. Na mashine isiyomaliza dakika mbili utaipigia Windows saa ngapi? Halafu akifuta diski, alama za watoto ndiyo zimekwenda na maji.

Mwalimu pole. Usinunue kitu chochote kwanza, na usimpe mtu hiyo mashine. Fanya hivi: chomoa waya ukutani sasa hivi, iache ilale mpaka asubuhi. Kesho chukua simu, fungua saa ya kuhesabia. Washa, hesabu sekunde mpaka ikate. Ikikata, washa papo hapo, hesabu tena. Mara tano mfululizo, kila moja uiandike. Kisha ipumzishe saa moja, uhesabu mara ya sita. Lete namba hapa.

#4 Bisibisi Katubuka – Ijumaa, saa 3:31 usiku

Kijani naheshimu mawazo yako, ila hapa unamzungusha mwalimu. Nimefungua kompyuta Kigoma hii tangu enzi za majenereta ya dizeli, wakati gridi ya taifa tulikuwa tunaisikia redioni tu. Ugonjwa namba moja ni pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kasha. Umeme unatakiwa uwe volti 230, lakini saa moja jioni kila nyumba imebandika pasi, jiko na friji, na aliye mwisho wa laini unaweza kumkuta ana 180 na kitu. Pawasaplai inajikamua ili itoe zile volti 12 za ndani, kapasita (vile vikopo vidogo vya kushika chaji) zinachemka, zinavimba kama maandazi. Siku moja inashindwa kubeba mzigo. Na mzigo unakuja lini? Pale Windows inapoanza kupanda, prosesa na diski vyote vinavuta kwa pamoja. Ndiyo maana anakatikia kwenye vidoti. Msimu huu wa mvua ongeza na radi zetu.

Nunua pawasaplai, badilisha, ulale.

#5 Mwaloni Kibirizi – Ijumaa, saa 3:40 usiku

Natandika jamvi hapa. Yangu ilikuwa hivihivi, nikamuuzia mtu wa Kasulu. Mpaka leo hapokei simu zangu, au mimi ndiye sipokei zake, sikumbuki vizuri.

#6 Mwalimu wa Zamu – Jumamosi, saa 4:15 asubuhi

Nimehesabu kama ulivyosema.

Ya kwanza 71, ilifika mpaka pa kuandika nywila. Ya pili 38. Ya tatu 21. Ya nne 12. Ya tano 9, hata vidoti sikuviona.

Nikaenda sokoni, nikarudi baada ya saa moja na nusu hivi. Ya sita 55.

Bisibisi, pawasaplai sijakataa, ila mshahara haujatoka.

#7 Waya wa Kijani – Jumamosi, saa 5:02 asubuhi

Mwalimu, umeandika vizuri kuliko mafundi wengi wanavyoandika risiti.

Tazama: 71, 38, 21, 12, 9. Zinashuka. Umeipumzisha, imerudi 55. Kitu kinachozidi kuchoka kila ukikitumia na kupata nafuu kikipumzika, humo ndani, ni joto. Prosesa ina ulinzi wake: ikifika kwenye nyuzi 100 hivi au kuzidi inakata moto yenyewe bila kumuuliza Windows, ili isiungue. Kosa haliandikwi kwa sababu muda wa kuandika haupo. Asubuhi imeamka ya baridi, safari ya kufika huko ni ndefu. Ya pili inaanzia katikati ya njia. Ya tano ilikuwa imeshafika, inabisha hodi tu.

Zingekuwa kapasita za pawasaplai zimechoka, mara nyingi ungeona kinyume: asubuhi ya baridi inagoma, inakata, inakata, ukiing'ang'ania mara ya sita au ya saba inapata uvuguvugu na kukaa mpaka jioni. Bisibisi, hilo umeliona mara ngapi?

Ingekuwa shoti, feni ingezunguka nusu mzunguko ikafa, kila mara vilevile, iwe asubuhi iwe usiku.

Ile skrini ya matengenezo isikutishe. Windows ikikatizwa mara mbili tatu mfululizo inadhani mgonjwa ni yenyewe, inajipeleka hospitali. Na ukija kufungua kumbukumbu za matukio utakuta tukio namba 41 limejipanga pale. Watu wengi wanalitafuta hilo mtandaoni wiki nzima. Linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa, jambo ambalo wewe umelishuhudia kwa macho.

Jaribio la pili: iache ipoe saa nzima. Washa, gonga kitufe cha Delete mfululizo mpaka uingie BIOS, yaani kurasa za mipangilio ya mashine yenyewe, na kama haiitikii jaribu F2. Humo Windows haijaguswa kabisa, ni mashine tupu. Tafuta ukurasa wenye joto la prosesa na kasi ya feni, kaa uangalie. Ikikata ukiwa humo, Windows haina hatia na Mgebuka atatuomba radhi.

#8 Mgebuka Mkavu – Jumamosi, saa 5:10 asubuhi

Siombi radhi mpaka nione joto.

#9 Bisibisi Katubuka – Jumamosi, saa 5:48 asubuhi

Hapo kwenye namba kushuka nakubali, ni dalili ya joto. Lakini sijaiachia pawasaplai, nitairudia.

#10 Mwalimu wa Zamu – Jumamosi, saa 8:20 mchana

Nimeona. Feni ya prosesa inasoma mizunguko 2,600 hivi kwa dakika. Joto nilipoingia lilikuwa 62. Nikaita watoto waje waone. 70, 78, 85, linapanda tunalitazama. 93. 97. Giza. Haikumaliza dakika moja na nusu.

Sikujua kompyuta ina kipimajoto ndani yake. Yule fundi naye sidhani kama alijua, maana hata hakuifungua.

#11 Waya wa Kijani – Jumamosi, saa 8:33 mchana

Mgebuka, tunasubiri.

Mwalimu: feni inazunguka na joto linapanda. Maana yake upepo upo ila joto halifiki kwenye upepo. Ama vumbi limejaa katikati ya mapezi ya hitisinki (lile dude la chuma linalopoza prosesa), ama pesti inayopitisha joto kati yake na prosesa imekauka, ama hitisinki yenyewe haijakaa sawasawa juu ya prosesa. Swali moja: kabla ya Jumatatu, mashine ilihamishwa, ilisafishwa, ilianguka? Sema ukweli, hapa hakuna mkuu wa shule.

#12 Mwalimu wa Zamu – Jumamosi, saa 8:41 mchana

Jamani.

Jumapili iliyopita kijana wangu wa kidato cha pili aliibeba kwenye boda mpaka kwa wale wanaoziba pancha, wakaipuliza vumbi kwa upepo wa matairi. Alirudi anajisifu, na kweli ilikuwa inang'aa. Jumatatu ndiyo ikaanza. Haya mambo mawili sikuyaunganisha mpaka ulipouliza.

#13 Mwaloni Kibirizi – Jumamosi, saa 8:44 mchana

Hahahaha! Walipima na presha? Mbele 30, nyuma 32?

#14 Waya wa Kijani – Jumamosi, saa 9:10 alasiri

Msimcheke kijana, nia yake ilikuwa njema, na vumbi letu jekundu hili linaua mashine kweli. Tatizo upepo wa pancha una nguvu mno, tangi lake mara nyingi lina maji chini, na feni ikipulizwa namna ile inazunguka kuliko ilivyoumbwa. Siku nyingine brashi laini ya rangi, na feni uishike kwa kidole isizunguke. Ila hapa mimi naishuku zaidi ile boda.

Fungua. Kwanza chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe. Shika bati la kasha ambalo halina rangi kabla hujagusa kitu cha ndani. Lile boksi la pawasaplai USILIFUNGUE hata kama una hasira nalo. Kapasita zake zinaweza kushika zaidi ya volti 300 hata ukiwa umechomoa.

Laza kasha ubavu. Kwenye mashine za kuunganishwa kama yako, hitisinki inashikwa na pini nne za plastiki, moja kila pembe. Tikisa taratibu kwa vidole viwili. Haitakiwi kucheza hata kidogo.

#15 Mwalimu wa Zamu – Jumamosi, saa 10:05 jioni

INACHEZA. Pembe ya chini kushoto pini imechomoka kabisa, ya juu yake imeshika nusu. Upande wote huo umeinuka, ukichungulia unaona mwanga unapita.

Tumeitoa yote. Ile pesti ni kama chaki, inapukutika. Kijana ananyamaza tu, leo kaosha vyombo bila kuambiwa.

#16 Waya wa Kijani – Jumamosi, saa 10:22 jioni

Basi ndiyo hiyo. Mazabodi yako haijafa, ilikuwa inajiokoa kila siku na sisi tunaiwasha tena.

Futa chaki yote kwa pamba yenye spiriti kidogo, juu ya prosesa na chini ya hitisinki, mpaka bati ling'ae. Pesti mpya weka katikati, ukubwa wa punje ya choroko. Usiipake kama blubendi kwenye mkate! Hitisinki ikikandamiza itasambaa yenyewe.

Pini zina ufundi wake, na watu wengi wanakosea hapa. Zungusha kila moja irudi kwenye hali ya kufunga, panga zote nne juu ya matundu, kisha bonyeza kwa mshazari: juu kushoto, halafu chini kulia, halafu mbili zilizobaki. Kila moja lazima uisikie inalia "ta". Mazabodi itanesa kidogo utaogopa, ni kawaida. Ukimaliza chungulia upande wa nyuma wa mazabodi uone ncha zote nne zimepenya na kutanuka. Halafu usisahau kuchomeka waya wa feni. Nimewahi kusahau kwa mteja, tena aliyekuwa amesimama ananitazama.

#17 Mgebuka Mkavu – Jumamosi, saa 10:30 jioni

Radhi nimeomba.

Ila pesti ukiikosa weka dawa ya meno mwalimu. Nimeshafanya, inafanya kazi.

#18 Waya wa Kijani – Jumamosi, saa 10:34 jioni

Inafanya kazi siku chache. Dawa ya meno ni unga na maji. Maji yakikauka juu ya prosesa ya moto unabaki na chokaa, yaani unarudi palepale kwenye chaki, ila sasa inanukia vizuri.

#19 Babu wa Ujiji – Jumamosi, saa 11:15 jioni

Mwakeye, wajukuu. Kompyuta siijui, mjukuu wangu ndiye anayenisomea uzi huu, lakini habari za kupaka nazijua.

Mwaka 1916 Wajerumani walipoona vita vimewaelemea waliizamisha wenyewe meli yao hapa ziwani, hii tunayoiita Liemba. Kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na 1927 ikarudi kazini. Huyo fundi wa mwalimu angeletwa pwani mwaka 1920 aulizwe kuhusu Liemba, angesema imekufa, wamwachie atoe spea.

Mpakeni vizuri.

#20 Mwaloni Kibirizi – Jumamosi, saa 11:18 jioni

Shikamoo mzee. Uzi ungefungwa hapa mimi ningeridhika.

#21 Bisibisi Katubuka – Jumamosi, saa 12:02 jioni

Marahaba kwa niaba ya mzee, hahaha.

Mwalimu, pesti ulizia pale Mwanga kwa mafundi simu, wengi wanayo ile ya kwenye bomba kama la sindano. Bomba dogo linatosha mashine kadhaa.

Sasa na mimi nipe zamu yangu. Kabla hujafunga kasha, tafuta mita ya kupimia umeme. Kwenye pawasaplai kuna nyaya zimebaki hazina kazi, zenye kichwa cheupe cha matundu manne: njano, nyeusi mbili, nyekundu. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, ncha nyekundu kwenye njano. Washa mashine, tazama mita WAKATI Windows inapanda. Njano inatakiwa 12, isishuke chini ya 11.4 wala kuvuka 12.6. Nyekundu ni 5, kati ya 4.75 na 5.25. Ikibaki humo nanyamaza. Wengine watakwambia uitoe pawasaplai nje, uunge waya wa kijani na mweusi uone kama feni inazunguka. Hicho ni kipimo cha kujua kama mgonjwa anapumua, hakikwambii kama anaweza kubeba gunia.

#22 Waya wa Kijani – Jumamosi, saa 12:09 jioni

Hapo Bisibisi kasema kweli tupu. Jina langu limetoka kwenye waya huohuo na bado namuunga mkono.

#23 Mwalimu wa Zamu – Jumapili, saa 9:50 alasiri

MREJESHO.

Pesti nimepata Mwanga. Mita nimeazima maabara ya fizikia, mwenzangu wa fizikia akaja nayo mwenyewe, akakaa na chai. Pini zimelia "ta" mara nne, ya tatu ilimtoa kijana jasho.

BIOS: 39 nilipoingia. Nikakaa dakika kumi nzima, ikasimama 46. Haisogei. Nikaacha Windows ipande, vidoti vikazunguka, ikaandika inakagua diski, nikaiacha, ikafika! Njano ilikuwa 12.1, Windows ilipokuwa inapanda ikashuka 12.0, basi. Nyekundu 5.05.

Alama nimezihamishia kwenye flashi mbili na nimejitumia kwa barua pepe. Halafu nikakaa chini.

Asanteni sana. Kijani, Bisibisi, mzee wangu wa Ujiji, Mungu awabariki.

#24 Bisibisi Katubuka – Jumapili, saa 10:00 jioni

Nimenyamaza.

#25 Waya wa Kijani – Jumapili, saa 10:11 jioni

Hongera mwalimu. Kwa kuwa imekatwa mara nyingi katikati ya kuwaka, mafaili ya Windows yanaweza kuwa yamechanika. Fungua ule ukurasa mweusi wa amri kama msimamizi, andika sfc /scannow ili iyakague na kuyarekebisha, iache imalize.

#26 Mwalimu wa Zamu – Jumatatu, saa 1:30 usiku

Wakuu, imerudi.

Jana usiku ilikuwa nzima. Leo nimetoka shule nimebonyeza, feni inazunguka, maandishi ya kwanza yanakuja, inakata. Nikashika hitisinki: ya baridi, imekaa imara. Tofauti na mwanzo, sasa haifiki hata kwenye alama ya Windows. Nimejifunza adabu, nimehesabu: 4, 4, 5, 4, 4. Nimepumzisha saa nzima: 4.

#27 Bisibisi Katubuka – Jumatatu, saa 1:36 usiku

Mnaona? Pawasaplai!

#28 Waya wa Kijani – Jumatatu, saa 1:55 usiku

Na 12.0 ya jana? Hapana, ngoja. Joto siyo, maana haibadiliki. Mwalimu, jana baada ya kupima ulifunga nini? Skurubu zote zimepatikana? Isije ikawa moja imedondoka chini ya mazabodi.

#29 Mama Stesheneri – Jumatatu, saa 2:08 usiku

Mwalimu pole. Mimi si fundi, nina stesheneri hapa Mwanga, nachapa barua na kutoa kopi, nimekuwa nasoma kimya tangu Ijumaa.

Hiyo nne, nne, nne naijua. Chukua kompyuta yoyote nzima, bana kitufe cha kuwashia usikiachie. Sekunde nne hivi, inazima. Imetengenezwa hivyo makusudi, kwa ajili ya mashine ikiganda. Sasa kitufe kikikwama ndani baada ya kubonyeza, mashine inajua bado umekibana, inakutii. Yangu ilinifanyia hivyo soda ilipomwagika. Nilishauza ramu mbili nikidhani ndizo mbovu.

Angalia kitufe kama kinarudi nje.

#30 Waya wa Kijani – Jumatatu, saa 2:12 usiku

Dada, nilikuwa nimeshaandika aya tatu za shoti, nimezifuta zote.

Mwalimu, hakikisha hivi: fungua ubavu, fuata zile nyaya nyembamba zinazotoka uso wa kasha mpaka pembeni mwa mazabodi. Kile kichwa kidogo cha pini mbili cha kitufe cha kuwashia kichomoe. Sasa gusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu, kisha ondoa mkono. Hakuna volti za kukudhuru hapo. Mashine itawaka bila kitufe. Ikikaa, umemaliza.

#31 Mwalimu wa Zamu – Jumatatu, saa 3:25 usiku

Imekaa. Ina saa nzima sasa hivi, naandika kwa kompyuta.

Kitufe kimezama na kimelala upande. Jana tulipokuwa tunafunga kasha, kijana alibandua uso wa mbele ili afute vumbi, akaurudisha kwa kuubamiza. Na ukikipitisha kitambaa kitufe kinaacha rangi ya machungwa. Mawese. Huyu mtoto anakula dagaa huku anawasha kompyuta, miaka mitano, na mimi namwona.

Nimekisafisha kwa spiriti lakini springi yake ya ndani imevunjika. Hakirudi.

#32 Bisibisi Katubuka – Jumatatu, saa 3:31 usiku

Usitafute kasha jipya. Kile kitufe kidogo cha kuanzisha upya, ambacho hakuna anayekitumia, nacho kina kichwa cha pini mbili kilekile. Chukua kichwa chake ukichomeke mahali pa kitufe cha kuwashia. Kuanzia hapo kidogo ndicho kinawasha. Bure kabisa.

Na UPS (ile betri ya akiba umeme ukikatika) ukija kununua, niulize kwanza, zipo zinazotoa umeme wa mawimbi ya kukatakata na baadhi ya pawasaplai hazipatani nazo. Hiyo tutaifungulia uzi wake.

#33 Mwalimu wa Zamu – Jumatano, saa 11:40 jioni

Alama zimefika kwa mkuu, Jumatano hiihii.

Nimefanya kama Bisibisi alivyosema, kitufe kidogo ndicho kinawasha. Kikubwa nimekiacha palepale kama pambo. Jana mtoto wa jirani kaja na filamu zake kwenye flashi, kabonyeza kile kikubwa weee, mpaka kachoka. Akaniambia, "Mwalimu, kompyuta yenu mbovu." Nikamwambia ndiyo mwanangu, fundi kasema mazabodi imekufa.